Viatu Tulivyoacha kwa Koko

Rafiki yangu, sogea karibu kidogo, maana hii si ya kuambia kila mtu. Wewe nakujua. Hutanicheka, na hutaanza kuniombea kabla sijafika mwisho.

Juzi nilikuwa soko ya Kitengela, pale upande wa wamama wa Kimaasai wanaouza maziwa na dawa za miti. Kitinda mimba wangu ana kikohozi kisichoisha, na mama mmoja akaniambia nimpe mafuta ya kondoo, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Akafungua mkebe ninuse nijue ni safi. Nikanusa. Halafu nikamwambia asante, nikaondoka bila mafuta, na kikapu changu nikakiacha hapo chini. Ilibidi yeye mwenyewe aache biashara yake anifuate nacho, akiuliza kama nimeona nyoka.

Niko na miaka arobaini na kitu. Nimezaa, nimezika, nimesoma masomo ya jioni nikiwa na mimba kubwa kuliko meza, na bado harufu ya mafuta ya kondoo inanifanya nitoroke. Acha nikuambie ni kwa nini.

Kitengela unayoijua wewe si ile yetu. Wewe ulikuja ukapata maghorofa na magari yamejipanga kutoka asubuhi mpaka jioni. Sisi tulikuja miaka ya tisini, mama na mimi, tukapata barabara moja ya lami inayoenda Namanga, maduka machache kando yake, na nyuma ya maduka ni nyasi, ng'ombe, na vyumba vya mabati vya watu waliokuja kutafuta kazi. Baba alikuwa amekufa. Wadogo zangu wawili walibaki kwa nyanya huko Machakos wakingoja kile mama atatuma. Mama alisikia kuna kiwanda cha nguo upande wa Athi River kinachukua wamama. Akaenda, akapata, akaketishwa kwa mashine ya kushona kola. Kola tu. Miaka yote ile mama alishona kola za mashati ya watu ambao hatawahi kuwaona, na kwetu nyumbani hapakuwa na shati hata moja ya kola.

Kazi yenyewe haikumshinda. Mama alikuwa anasema hakuna mashine imewahi kumshinda. Kilichomshinda ni kufika.

Vyumba vya karibu na lami vilikuwa vya wale wanajiweza. Sisi tulikaa huko ndani, mwendo wa karibu saa nzima, na kati yetu na lami kulikuwa na ule udongo mweusi. Kama hujawahi kuukanyaga wakati wa mvua, sijui nikueleze vipi. Haukuachi. Hatua ya kwanza uko na kiatu, ya tano uko na kiatu na mzigo, ya kumi miguu yako imekuwa ya ndovu. Akala yako ya tairi inabaki nyuma, wewe unaendelea. Niliwahi kuona mama mzima amekaa chini katikati ya njia akitukana ule udongo kama mtu, halafu akafunga macho akaomba Mungu msamaha, akaamka, akaendelea.

Gari haikuwa inaingia huko, na hata ingeingia, nauli ya kila siku haingewezekana. Kwa hivyo wamama walitembea. Walikuwa saba kwa upande wetu, mama akiwa wa saba. Saa kumi na moja asubuhi wanapitiana mlango kwa mlango. Mbele alitembea jirani yetu na tochi na panga, kwa sababu fisi walikuwa wengi na mara nyingine simba walitoka kule mbugani wakaja kuangalia mbuzi za watu. Nyuma yake Mama Kwaya, ambaye alikuwa anaimba sauti ya tatu peke yake, pole pole, ndio wanyama wajue tuko njiani. Mwisho kabisa alikuwa Mama Mapacha, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa anasema fisi wa Kitengela wameokoka, maana kila asubuhi wanasikizwa nyimbo za injili na hawajakula mtu.

Nilikuwa darasa la tano. Shule ikifungwa Aprili, na mvua nayo ikifunguka, mama hakutaka nishinde kwa ploti tulikopanga peke yangu. Kwa hivyo nilitembea na wao mpaka lami, nikibebelea mkebe wangu wa githeri, mahindi na maharagwe, mkono mmoja ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Sheria yao ilikuwa moja: mtu haachwi. Kama mtoto wa mtu ameamka na joto, wote wanasimama mlangoni mpaka mama yake amalize kumtuliza. Kama kiatu cha mtu kimemezwa na matope, wote wanachimba. Lakini kiwanda hakikujua hiyo sheria. Geti ilifungwa saa moja kamili, na jina la aliyebaki nje likaandikwa. Ukiandikwa mara tatu, hiyo ya tatu unapewa barua yako unaenda nyumbani. Mama alikuwa ameandikwa mara mbili. Ya kwanza ni siku mapacha walikuwa na surua, wenye mbio wakaingia geti ikifungwa, wengine wakaandikwa. Ya pili mto ulijaa, wakangoja maji yashuke, ikawa vivyo hivyo. Nilikuwa namsikia akiomba asubuhi akifunga leso, na hakuomba mambo mengi. Alikuwa anasema, "Baba, nifikishe tu."

Na kulikuwa na hili la viatu.

Kiwanda hakikutaka matope. Nguo ni nyeupe, na sakafu imejaa sindano zilizovunjika, kwa hivyo ilikuwa lazima uingie na kiatu safi cha kufunika mguu. Askari wa geti alisimama na tochi akimulika miguu, akisema kila mtu aonyeshe. Wamama walimwita daktari wa mifugo. Jioni wakirudi Mama Mapacha alimuigiza, anainama, anamulika na mkono, anasema kwa sauti nzito, "Wewe, kwato ya kulia," na wote wanacheka mpaka wanashikana. Walikuwa wanacheka, lakini hiyo tochi iliwauma. Nilikuja kujua nilipoanza kumulikwa mimi mwenyewe, miaka ya elfu mbili.

Sasa utauliza, mtu anatembea saa nzima kwa matope anafikaje na kiatu safi? Hapo ndipo kwa koko panaingia.

Koko ni nyanya, kwa Kimaasai. Sikuwahi kumwita jina lingine. Boma lake lilikuwa hapo njia yetu inapotokea lami, na fensi ya miiba, nyumba ya mabati aliyojengewa na kijana wake, na pipa mbili mbele ya mlango. Pipa ya kwanza ilikuwa ya maji, yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Ya pili ilikuwa kavu, na kifuniko cha bati na jiwe juu yake. Ndani ya hiyo kavu viatu vizuri vya wamama vililala. Asubuhi wanafika na gambuti za mpira na akala na karatasi za nailoni zimefungwa miguuni, wanatundika hizo takataka kwa fensi, wananawa miguu na maji ya koko, wanavaa viatu vyao safi, wanaendelea na lami. Wakibahatika lori ya mawe inawachukua, wanakaa juu ya mawe kama malkia. Jioni wanarudi, wanavua visafi, vinaingia kwa pipa, jiwe juu, wanavaa vya matope, wanaenda nyumbani.

Koko hakuwahi kuitisha kitu. Mara moja moja walimletea vipande vya kitambaa kutoka kiwandani, akajishonea mto. Wakifika alisema "Takwenya," salamu ya kwao, wao wanaitikia "Iko," na mimi nainamisha kichwa aniguse utosini venye watoto wa pale walifanya. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Baada ya wao kwenda alinipa chai ya maziwa yenye harufu ya kibuyu kilichochomwa ndani na mti, nami nikamchungia ndama.

Wiki moja ya hiyo Aprili, Mama Kwaya alizuiwa getini. Viatu vyake havikuwa na matope, lakini vilikuwa vimepasuka juu na kufifia, na yule askari akasema kiwanda si pahali pa maskini kuonyesha umaskini wao. Alimwacha aingie baadaye, akiwa amemtoa machozi. Jioni hiyo hakuna aliyeigiza mtu. Mama akashika mkono wangu kwa nguvu kuliko kawaida. Nikalala nikifikiria hivyo viatu.

Jumamosi walikuwa wanatoka mchana, Jumapili hakuna kazi, kwa hivyo viatu vilikaa kwa koko mpaka Jumatatu. Jumapili, baada ya kanisa, mama alinituma maziwa. Nikapata koko amevaa shanga zake zote, anaenda kwa kijana wake kule mbele kuona mtoto aliyezaliwa. Akaniambia nimshikie boma kidogo mpaka mjukuu wake arudishe ng'ombe. Kwa hivyo nikabaki mimi, ndama, na ile pipa.

Rafiki yangu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilifikiria viatu vya Mama Kwaya. Rangi ya viatu hatukuwa nayo, lakini niliwahi kuona koko akipaka kiatu cha mumewe marehemu mafuta ya kondoo, ngozi ikalainika na kung'aa mpaka unajiona. Mkebe ulikuwa pale juu ya rafu. Nikatoa jiwe, nikafungua pipa, nikaanza na vya Mama Kwaya. Nilipaka na kitambaa, halafu na vidole, nikisugua kwa kila ufa. Venye viling'aa, siwezi kukueleza. Nikafurahi, nikatoa vya jirani, nikatoa vya Mama Mapacha, vya wote. Vya mama yangu niliviacha vya mwisho, nikijua yeye hatanung'unika akingoja. Na nilipofika kwa vyake, mkebe ulikuwa umebaki kutu.

Nikavirudisha vyake ndani ya pipa vilivyokuwa, nikafunika, nikaweka jiwe. Vile sita nikavipanga nyuma ya nyumba, kwa miiba ya fensi, jua livikaushe. Yule mjukuu akaja na ng'ombe, wingu likaja naye, nikachukua maziwa nikakimbia kabla mvua haijanishika. Viatu nikaviacha hapo, nikisema ngozi yenye mafuta hainywi maji. Nilikimbia nikiimba. Njia yote nilikuwa nawaza sura ya yule askari akimulika.

Mtoto wa Kimaasai wa miaka mitatu angenikataza. Angeniambia ngozi iliyopakwa mafuta huwezi kuiacha nje na fisi wako. Sisi tulikuwa watu wa kulima, watu wa Machakos. Hakuna aliyewahi kunifundisha.

Jumatatu tukafika, kungali na giza ya mwisho. Jirani akatoa jiwe, akamulika ndani ya pipa, akaingiza mkono akipapasa. Kulikuwa na jozi moja. Wakazunguka nyumba. Nyuma ya fensi kulikuwa na kisigino, kamba, na kipande cha soli chenye alama za meno. Mama Kwaya aliokota kile kisigino akakishika tu. Walizunguka na tochi wakitafuta, na hawakupata kiatu hata kimoja cha kuvalika.

Koko alitoka na shuka begani. Akaangalia miiba, akanusa, akainama akaokota kile kitambaa nilichopakia. Akaniangalia. Halafu akaangalia rafu yake kupitia mlango, pale mkebe ulikuwa wazi.

"Hii fisi ni ya wapi," Mama Mapacha akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anachekesha. "Inafungua pipa, inakula ya watu sita, inafunika, inaweka jiwe. Na ya mtu mmoja inamwachia."

Wote wakamgeukia mama. Alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi. Rafiki yangu, nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Lakini mama alikuwa ameshika mkono wangu, na akaubana, na maneno yakarudi ndani.

"Ni mimi," koko akasema. "Nilitoa zikauke, zilikuwa na unyevu. Hii ya huyu ilikuwa kavu, nikaiacha. Nikasahau nje. Ni mimi."

Halafu Mama Kwaya akasema, "Koko, umetumaliza," bila kupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Koko akawaachia pipa nzima ya maji. Maji ya siku tatu. Wakaosha gambuti na akala mpaka zikawa safi kuliko zilivyokuwa dukani, wakaenda hivyo. Mama alienda na gambuti kama wenzake, viatu vyake amevifunga ndani ya leso. Lori ikawachukua. Mimi nikabaki kwa boma.

Ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha. Koko alinipa chai kama kila siku, haikunywika. Nikaenda na ndama mpaka mwisho wa fensi, nikaketi nikiangalia lami. Jua lilipopanda kidogo nikawaona wakirudi kwa miguu. Nikahesabu vichwa, maana ndivyo vilikuwa rahisi kuhesabu kwa umbali. Walikuwa sita.

Yaliyotokea getini niliyasikia hapo hapo, maana walimwambia koko yote, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Walifika mapema, dakika nyingi kabla ya saa moja. Askari akamulika, akaita supavaiza. Supavaiza akasema gambuti ni ya ng'ombe na akala haifuniki mguu, sindano ikiwadunga ni kiwanda kitalaumiwa. Jirani akamweleza mambo ya fisi, na yeye akacheka mpaka akashika ukuta, akasema amesikia visingizio vyote lakini hicho ni kipya. Halafu akamwona mama na leso yake. Akamwambia, wewe uko na viatu, vaa uingie, la sivyo nakuandika mara ya tatu.

Mama alisimama hapo. Hiyo sehemu walisimulia tofauti tofauti. Jirani alisema wao wenyewe walimwambia aingie, ana mayatima. Mama Mapacha alisema hakuna aliyemwambia, alivaa tu. Lakini wote walikubaliana kwamba alilia akifunga kamba, na kwamba aliingia, na geti ikafungwa.

"Sasa wewe koko," Mama Mapacha akasema, "tangu leo pipa yako weka mahindi."

Wakachukua karatasi zao za nailoni kwa fensi, wakaenda. Koko akakaa kwa kigoda karibu na mimi, tukaangalia barabara.

"Mafuta iliisha?" akaniuliza.

"Iliisha, koko."

"Ya mama yako haikufika."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitawakimbilia, nitawaambia. Akaweka mkono kichwani mwangu na sikuwa nimeinamisha.

"Nyamaza," akasema. "Wakijua ni wewe, watasema mama alikutuma. Watamwacha njiani, na fisi ndiyo hii umeona. Mimi wacha waniache. Mimi sina geti."

Wawili kati ya wale sita walipoteza kazi wiki hiyo, kwa sababu na wao walikuwa wameandikwa mara mbili. Mama Kwaya ni mmoja wao. Yule niliyeanza na viatu vyake. Waliobaki walikopa viatu hapa na pale, wakarudi, na wakaanza kuviweka kwa kioski ya mwanaume mmoja ng'ambo ya lami, ambaye alitaka alipwe kila Ijumaa na maji ya kunawa hakuwa nayo. Mama akaenda na wao, maana mtu haachwi, na pia mtu haachi wenzake. Walimweka nyuma kabisa kwa mstari. Mama Mapacha akahamia katikati. Hakuna aliyeimba tena.

Na kila asubuhi ya hiyo likizo tulipita mbele ya boma la koko. Alikuwa amesimama kwa fensi na pipa yake ya maji imejaa, kifuniko kimetolewa, kama mtu anangoja wageni. Alikuwa anasema "Takwenya." Watu wanaitikia kwa adabu, bila kusimama. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, lakini nilikuwa ng'ambo ya barabara, hakuna mkono ungefika.

Nilimaliza darasa la nane, pesa ya sekondari ikaenda kwa wadogo zangu, nikaingia kiwandani. Nilitembea hiyo njia na mstari wangu mwenyewe, nikamulikwa miguu na askari mwingine mwenye tochi kama ile. Masomo nilimalizia jioni, baada ya kazi, na wamama wenzangu wanaosinzia juu ya madaftari. Huko ndiko nilijifunza kuandika barua ya malalamiko. Ya kwanza niliandika kuhusu barabara. Nikapeleka kwa ofisi, nikaambiwa italetwa. Na kweli ililetwa, baada ya miaka mingi, siku wenye ploti kubwa walianza kujenga na magari yao yakazama. Ndio maana mimi husikia hasira, na mchungaji wangu ananiambia niiachilie, nami namwambia nitaiachilia nikielezwa kwanza kwa nini. Miaka yote hiyo watu wazima walikaa mezani wakatunga sheria kwamba mwanamke asiingie na matope. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza matope yanatoka wapi.

Koko aliuza ile ploti, au iliuzwa, sijui vizuri. Walimhamisha mbele huko, upande wa Kajiado. Nilikuwa najipanga kwenda kumwona kila Desemba. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mtoto, nilikuwa na sababu. Halafu nikasikia amelala, wamemzika.

Mama naye alipougua, miaka kumi iliyopita, nilimwambia. Nilikuwa namkanda miguu, ile miguu yake iliyopanuka kama mkate. Nikamwambia yote, pipa, kitambaa, mkebe. Hakufungua macho.

"Nilinusa tangu Jumapili," akasema. "Ulirudi na maziwa, mikono inanuka kondoo. Asubuhi nilipoona ile fensi nikajua."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, ni nani angewalisha nyinyi?" Akageukia ukuta. "Nimeomba msamaha kwa Mungu. Yule koko sikumwomba. Nilipita hapo mlangoni kwake miaka yote ile na sikumwomba."

Basi. Wawili tulijua, mimi na mama, kila mmoja akidhani mwenzake hajui, tukipita tukisema "Iko."

Siku hizi pale kwa koko ni kituo cha mafuta, na kando yake wanaosha magari na maji ya bomba yanayomwagika mpaka lami. Msichana wangu anafanya kazi huko huko Athi River. Barabara iko, boda boda iko, na bado anatoka saa kumi na nusu ndio ashinde jam, anarudi na uso kama wa mama. Hana mstari. Kila mmoja anatoka kwake na simu yake mkononi. Nikimwambia tulikuwa tunangojana mlangoni anauliza tulikuwa tunafika saa ngapi basi. Wale wamama wa mstari wetu hawako tena hapa. Jirani alienda Ngong, nasikia anauza mboga sokoni. Mama Mapacha alihamia Kware kule Rongai kukaa na mmoja wa wale mapacha. Mama Kwaya alirudi Ukambani hiyo mwaka yenyewe, na sijawahi kusikia habari yake. Sina namba ya mtu.

Kwa hivyo rafiki yangu, ile ya kusema si ya kila mtu ilikuwa ya kukusogeza tu; nimekuambia nikijua wewe huongea. Ongea. Pelekea dada yako, simulia kwa chama, ambia mama unayekaa naye kanisani. Ukipata mama yeyote mzee ambaye zamani alikuwa anaweka viatu kwa boma la Kimaasai kando ya barabara ya Namanga, mwambie koko hakusahau kitu. Hakutoa viatu nje. Mwambie ni mtoto aliyevitoa, yule aliyekuwa anatembea ameshikwa mkono. Nilitaka ving'ae getini.